Ngozi ya Sili, Mwani wa Paje

Mama yangu analima mwani Paje. Alianza mapema kabisa, mwani ulipoletwa pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Mie nashona. Kwa miaka mingi nimetafuta namna ya kuzikutanisha kazi zetu mbili, na njia ikanipeleka Ireland, kisiwa chenye hadithi nyingi za nguo: joho lililofunika uwanda mzima, manyoya yaliyowafunga watoto kwa miaka 900, ngozi iliyofichwa darini ili mwanamke asirudi baharini. Karakana ndogo ya wabunifu mjini Galway ilikubali nifanye nao majaribio ya vitambaa vinavyotokana na mimea ya bahari. Niliwaomba nifike mapema ili nizunguke kwanza. Haya ni ya kwenye daftari langu, mwezi wa Mei, nimeyanyoosha kidogo tu.

Siku ya 1: Dublin

Nimetua saa nne asubuhi. Mvua ya rasharasha, na baridi inayopenya hadi kwenye meno. Sikulala. Niliacha begi nyumba ya wageni nikaenda kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa, Kildare Street. Hakuna kiingilio, mtu anaingia tu.

Nilichokuja kukiona ni watu wa kinamasi. Ireland ina maeneo makubwa ya mboji, udongo mweusi uliojengwa na mimea iliyolowa maji kwa maelfu ya miaka. Watu waliukata kama matofali, wakaukausha, wakaupikia na kuotea moto. Mwaka 2003 kazi za uchimbaji ziliibua miili miwili katika miezi ya karibu, mmoja Clonycavan na mwingine Old Croghan, ya watu waliouawa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Nilisimama mbele ya mkono wa yule wa Old Croghan. Kucha zake safi, mistari ya vidole inaonekana, na juu ya kiwiko amevaa kikuku cha ngozi iliyosukwa. Nimeshika ngozi nyingi kazini, lakini msuko ule ulinifanya niinamishe kichwa.

Kuna jambo pale ambalo fundi wa nguo hawezi kulipita. Maji ya kinamasi yana tindikali na hayana hewa. Ngozi na sufu, vitu vya mwili wa mnyama, hudumu humo karne kwa karne. Kitani, ambacho ni mmea, huliwa chote, uzi hadi uzi. Waairishi wa kale walivaa shati refu la kitani, léine, na juu yake joho la sufu, brat. Joho ndilo analopata mchimbaji. Shati, lililogusa mwili, limeshakwenda.

Shati hilo lilikuwa na maadui wengine pia. Mwaka 1537, chini ya Mfalme Henry VIII, ilitungwa sheria ya kukataza mashati yaliyotiwa rangi ya zafarani, na shati moja lisichukue zaidi ya yadi saba za kitambaa. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu akisimulia jinsi utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897 na wanawake waliokuwa wamekatazwa kujistiri wakajifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui, wakatembea mchana kweupe. Kupimiwa nguo na mtawala tunakujua.

Siku ya 2: Dublin

Asubuhi, Garden of Remembrance. Kuna sanamu ya shaba ya Oisín Kelly, iliyowekwa mwaka 1971: watoto wanaanguka na mabatamaji wanainuka kutoka humo humo. Ni Watoto wa Lir. Mama wa kambo, Aoife, aliwaonea wivu akawageuza ndege: Fionnuala na ndugu zake watatu, Aodh, Fiachra na Conn. Miaka 300 kwenye ziwa la Derravaragh, miaka 300 kwenye mkondo wa Moyle kati ya Ireland na Scotland, miaka 300 kwenye kisiwa cha Inis Gluaire upande wa Mayo. Miili ilibadilika, sauti zikabaki za binadamu. Kengele ya Kikristo ilipolia, manyoya yakawadondoka, na chini yake kulikuwa na wazee wanne waliokauka, wenye umri wa mamia ya miaka.

Kwangu moyo wa hadithi uko Moyle, usiku wa dhoruba. Fionnuala anamweka Conn chini ya bawa la kulia, Fiachra chini ya la kushoto, na Aodh kifuani. Nilikaa kwenye benchi nikachora hilo, nikachora tena. Koti lenye mikunjo mirefu kuanzia begani, ikifungwa inalala kama bawa lililokunjwa, ikifunguliwa inatosha kumfunika mtu wa pili. Mikunjo ya namna hiyo inakula kitambaa. Sybil Connolly, mbunifu wa Dublin wa miaka ya 1950, alikuwa akitumia yadi tisa za kitani chepesi kupata yadi moja ya kitambaa cha mikunjo, na mikunjo yake haikuharibika hata sketi ikikunjwa sandukuni. Simone Rocha, mbunifu wa mavazi wa siku hizi, naye aliichukua hadithi hii hii ya Lir kwa mkusanyiko wake wa majira ya baridi ya 2022. Nimeangalia picha zake mara nyingi. Yeye aliona huzuni na damu. Mie naona malazi.

Mchana nilikwenda chuo kikuu cha UCD (University College Dublin), kwenye Hazina ya Taifa ya Ngano na Mila. Hapa nataka niseme kwa kirefu, maana nimetoka na wivu. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa skuli za msingi, kama 50,000 kutoka skuli zipatazo 5,000, walipewa kazi ya kurudi nyumbani na kuwauliza wazee. Wakauliza kuhusu dawa za kienyeji, hali ya hewa, mizimu, visima vitakatifu, na nguo zilizotengenezwa kijijini. Wakaandika kwa mikono yao kwenye madaftari. Madaftari yametunzwa, na leo mtu yeyote anayasoma kwenye intaneti. Nilifungua kurasa za nguo: nani alisokota, nani alifuma, kondoo walinyolewa lini, rangi ilitoka mmea gani. Mwandiko wa mtoto wa miaka kumi na mbili, wino umevuja pembeni. Wazee wengi walioulizwa walizaliwa katikati ya karne ya 19. Mtoto alimfikia mtu aliyeiona njaa kuu ya miaka ya 1840 kwa macho yake, au aliyelelewa na aliyeiona, kwa kuvuka chumba tu.

Nilijiuliza ni nani kwetu atawatuma watoto wa Makunduchi na Bwejuu na daftari kwa bibi zao, na lini. Bibi zangu wawili wameshaondoka.

Siku ya 3: Kildare

Treni chini ya saa moja. Kildare ni mji wa Mtakatifu Brigid, na joho lake ndilo vazi lililonileta huku. Alimwomba mfalme wa Leinster ardhi ya kujenga nyumba ya watawa. Mfalme akakataa. Brigid akaomba basi kiasi ambacho joho lake litafunika. Mfalme akakubali akicheka, na joho likatandazwa, likaenea na kuenea hadi likafunika Curragh yote, uwanda ulio nje ya mji. Nimetembea Curragh: majani mafupi, kondoo, upepo, hakuna uzio. Mkunjo wa ardhi unashuka na kupanda kama kitambaa kilichorushwa juu ya kitanda kabla hakijanyooshwa. Aliyeitunga hadithi alisimama pale pale nilipokuwa.

Hadi leo, mkesha wa tarehe 1 Februari, watu huacha kipande cha nguo nje usiku kucha, brat Bríde, ili Brigid akipita akibariki. Kipande hicho huwekwa akiba kwa mwaka mzima, mtu akiumwa kichwa anafungiwa.

Kisima chake kiko nje kidogo ya mji. Karibu nacho kuna mti uliofungwa vitambaa, na ndipo nilipokaa kuliko popote. Imani ni hii: mgonjwa anafunga kipande cha nguo yake kwenye mti wa kisima, na kadiri kitambaa kinavyooza, maradhi nayo yanapungua. Dawa iko katika kuoza. Nilisogea nikaangalia bila kugusa. Kulikuwa na kipande kimoja cha pamba, zamani pengine kilikuwa cheupe. Mshindio, zile nyuzi za kupita, ulikuwa umekwisha kabisa, umebaki mtande, nyuzi za urefu, peke yake, nyuzi kumi na kitu zinaning'inia kama nywele, na kuvu la kijani limeanza kupanda kutoka kwenye fundo. Huyo, nikasema, yuko njiani kupona. Sentimita chache pembeni kulikuwa na utepe wa poliesta wa rangi ya waridi, uking'aa kama jana umetoka dukani. Na mwingine. Na soksi ya mtoto ya nailoni. Aliyefunga ile soksi alikuwa na mtoto mgonjwa, nina hakika, na alifunga alichokuwa nacho. Lakini kwa kanuni ya mti wenyewe, kitu kile hakitaoza yeye akiwa hai, wala mtoto wake.

Kitambulisho ni rahisi, kila fundi anakijua: choma uzi. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta inayeyuka, inajikunja kuwa shanga nyeusi ngumu. Nyumbani nachoma nyuzi za kanga kabla ya kununua, maana siku hizi nyingi zimechanganywa. Na mitumba inayoshuka bandarini kwetu, nusu yake ukiichoma inafanya shanga. Inachakaa, inatupwa, inaishia pwani mama anakofunga mwani.

Sikufunga changu. Dua yangu ina mahali pake. Lakini nimeandika kwenye daftari, nikapigia mstari: nguo nitakayotengeneza Galway lazima ijue kuoza.

Mwenyeji aliyenirudisha stesheni kwa gari alinionyesha mti mwingine, peke yake katikati ya konde, umechanua maua meupe. Ni hawthorn. Mkulima amelima akauzunguka. Mti wa namna hiyo ni wa aos sí, watu wa vilimani. Kwa lugha yetu ningesema majini, ingawa hawafanani sana. Mwaka 1999 msimuliaji Eddie Lenihan aliutetea mmoja hadharani huko Latoon, Clare, uliokuwa ukatwe kupisha barabara kuu. Barabara ikapangwa upya, mti ukabaki.

Siku ya 4: Turlough, Mayo

Saa tatu kwenye treni kuelekea magharibi, kisha teksi hadi Turlough, kwenye tawi la Makumbusho ya Taifa linaloonyesha maisha ya mashambani. Nilitaka kuona mavazi ya mabua.

Wavulana wa mabua walikuwa wakienda kwenye harusi ambayo hawakualikwa. Kichwani kofia ndefu iliyochongoka, yote ya mabua ya shayiri au ngano, inashuka hadi mabegani na kuficha uso. Wanaingia, wanacheza na bibi harusi, wanapewa kinywaji, wanaondoka bila kujulikana, na baraka inabaki. Tarehe 26 Desemba kuna wengine, wavulana wa ndege wren, nao hujivika mabua na matambara. Simone Rocha alianzia kwao mkusanyiko wake wa majira ya joto ya 2020.

Bustanini nilimkuta mzee akionyesha namna ya kusuka súgán, kamba ya mabua. Inahitaji watu wawili. Mmoja anakaa na lundo la mabua, anayalisha kidogo kidogo kwa vidole. Mwingine anashika kijiti chenye kulabu, anazungusha, na huku anazungusha anarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kamba ikizaliwa kati yao. Aliniita nishike kulabu. Nilipozungusha haraka kamba ilijifunga vifundo, nilipopunguza ikalegea. Akanionyesha kwa kidole gumba chake: mlishaji ndiye anayeamua unene, mzungushaji anafuata. Mabua yalikuwa na unyevu, yametiwa maji yasije yakakatika, kama tunavyolowesha ukindu kabla ya kusuka ukili. Nilimwambia kwetu wanawake wanasuka ukili wakitembea njiani, wakizungumza, hawaangalii mikono. Akasema mama yake alifuma soksi namna hiyo hiyo.

Zile kofia zilikuwa za siku moja. Msimu ukiisha zinachomwa au zinalishwa ng'ombe. Mwakani zinasukwa nyingine.

Siku ya 5: Foxford

Kiwanda cha sufu cha Foxford, kwenye mto Moy, kilianzishwa mwaka 1892 na mtawa, Mama Agnes Morrogh-Bernard, eneo likiwa bado limechoshwa na ufukara. Mto ulikuwa ukiendesha mashine. Mablanketi mazuri, nimeshika mengi.

Lakini barabarani nimezungumza na mfugaji mmoja. Anasema anacholipwa kwa sufu ya kondoo mmoja hakifiki anachomlipa mnyoaji, na wenzake wengine sufu wanaitupa. Ananyoa kwa sababu kondoo asiponyolewa anaumwa. Nchi iliyojaa kondoo, na sehemu kubwa ya sufu laini inayofumwa humu inatoka ng'ambo. Alinipa kiroba kizima bure. Imejaa mafuta ya kondoo, mikono yangu imelainika siku nzima.

Nilitamani pia kufika kaskazini kwenye kitani, wanakokipigapiga kitambaa kwa nyundo za mbao mpaka king'ae. Lakini kule ni Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, na pasipoti yangu inataka visa ya pili. Mpaka wenyewe huwezi hata kuuona barabarani, wanasema. Kwangu upo.

Siku ya 6: Conamara

Niliamka kabla ya alfajiri. Mwezi mpevu ulikuwa juzi, kwa hiyo leo ni bamvua, na bamvua ndiyo siku ya kazi hapa kama ilivyo Paje. Kwa Kiairishi wanaita rabharta. Maji mafu wanayaita mallmhuir. Nilifurahi kama niliyekutana na jamaa.

Mwenyeji wangu ni mama mtu mzima, mjane, anayekusanya mwani tangu utotoni. Ananiita a stór, maana yake hazina yangu. Tulishuka miambani maji yalipokuwa yamejitoa mbali kabisa. Alichokuja kuchuma ni carraigín, kichaka kidogo cha rangi ya zambarau iliyokolea, matawi yake yamegawanyika kama vidole vya mtoto, umeshika mwambani kwa nguvu. Unauvunja kwa mkono, ukiacha mzizi ili uchipue. Kwetu tunafunga mbegu kwenye kamba na vijiti, tunapanda. Huku bahari yenyewe imeshapanda, mtu anavuna tu, lakini maji yao! Dakika kumi tu vidole vyangu vilikuwa havina hisia. Yeye hana glovu.

Carraig kwa Kiairishi ni mwamba. Carraigín ni kijabali. Nilipotafsiriwa hilo nilikaa chini kwenye jiwe. Kwa zaidi ya miaka 30 mama yangu anauza mwani mkavu kwa kilo, na tunajua unapelekwa viwandani ng'ambo kutolewa karaginani, ute unaogandisha maziwa ya mtindi, dawa ya meno na vinginevyo. Jina hilo la kiwandani limetoka hapa, kwenye kimmea hiki, kwenye mdomo wa watu kama huyu mama. Nilimpa simu aone picha za Paje: wanawake na kanga zao zimefungwa kiunoni, mistari ya vijiti, maji ya kijani. Aliziangalia moja moja. Akauliza kama mgongo unawauma. Nikamwambia unawauma sana.

Carraigín hauuzwi ukiwa zambarau. Unatandazwa kwenye majani, unyeshewe na mvua, uanikwe na jua, unyeshewe tena, siku kadhaa, mpaka ugeuke rangi ya malai. Pale uani kwake kulikuwa na hatua zote kwa mpigo: zambarau, waridi, manjano, malai. Ninataka joho la mpangilio huo wa rangi, kutoka pindoni hadi kwenye kofia yake.

Kabla maji hayajarudi, sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya mafupi, aliinua kichwa karibu na miamba akatutazama muda mrefu. Macho yale ni ya mtu. Mama yule akamwinamishia kichwa kidogo, kama unavyomsalimu jirani. Kisha akanisimulia: mwanamume anamwona mwanamke ufukweni amevua ngozi yake ya sili, anaiiba ngozi, anaificha darini chini ya paa la majani. Mwanamke hana pa kwenda, anaolewa naye, anazaa. Miaka inapita. Siku moja mtoto anauliza, Mama, ile ngozi laini ya darini ni ya nini? Jioni hiyo hiyo anarudi baharini. Ukoo wa Conneely, Mac Conghaile kwa Kiairishi, husemwa umetokana na sili, na zamani hawakuwaua. Nilimuuliza kama mwanamke yule aliwapenda watoto wake. Akasema aliwapenda, ndiyo maana sili wanakuja karibu na nyumba.

Siku ya 7: Inis Meáin

Feri kutoka Ros a' Mhíl, chini ya saa moja, bahari imechafuka. Kisiwa cha mawe: kuta za mawe zisizo na udongo wala saruji, mamia kwa mamia, na kati yake vikonde vya ukubwa wa ukumbi. Udongo wenyewe ulitengenezwa na watu, kwa mchanga na mwani uliobebwa mgongoni.

Nilionyeshwa crios, mkanda wa sufu wa rangi nyingi. Haufumwi kwenye kitanda cha mfumi. Ncha moja ya mtande unaifunga kwenye mguu wako, unanyoosha goti kukaza, na unafuma kuja kifuani. Mwili ndio mtambo. Nilionyeshwa viatu vya ngozi mbichi ya ng'ombe, manyoya yamebaki nje, ambavyo vilipaswa kuloweshwa kila mara, maana vikikauka vinakuwa vigumu kama ubao. Na mitumbwi yao, currach, ni fito nyembamba zilizovishwa turubai na kupakwa lami. Zamani ilikuwa ngozi. Wamevuka bahari hii ndani ya nguo.

Kuhusu sweta za Aran, visiwa ambavyo Inis Meáin ni kimojawapo: wageni wanaambiwa kila ukoo ulikuwa na mfumo wake, ili maiti ya mvuvi iliyotupwa ufukweni ijulikane. Si kweli. Imetokana na tamthilia ya mwaka 1904 ambamo dada anaitambua soksi ya kaka yake aliyezama kwa mishono aliyoikosea. Sweta zenyewe kwa sura hii ni za karne ya 20. Mie ile soksi inanitosha. Dada alihesabu mishono yake mwenyewe.

Siku ya 8: Galway

Karakana. Kazi imeanza. Tuliloweka gramu 20 za carraigín mkavu, tukachemsha katika lita moja ya maji kwa moto mdogo nusu saa, ukawa ute mzito unaonukia bahari, tukachuja kwa kitambaa cha kitani, tukatia gliserini kijiko kimoja, tukamwaga juu ya kioo. Nikaweka kioo karibu na kipasha joto ili kiwahi.

Siku ya 9

Nimeharibu. Utando ulikauka kwa haraka, ukasinyaa, ukajiinua pembeni na kupasuka katikati kama tope la bwawa lililokauka. Niliuokota vipande vipande. Ni vizuri kuviangalia dhidi ya mwanga, rangi ya asali, lakini vinakatika kama kaki.

Mwenzangu wa karakana, anayejua kemia, alinieleza sababu nyingine. Karaginani si ya aina moja. Ile ya kapa inagandisha jeli ngumu inayokatika. Iota inatoa jeli laini inayonyumbulika. Carraigín una kapa kwa wingi. Nikamuuliza iota inatoka mwani gani. Akafungua kitabu, akasoma jina la kisayansi polepole: Eucheuma denticulatum.

Huo ni spinosamu. Ndio ule wa kwetu. Kotonii, unaotoa kapa, ndio wenye bei nzuri, na maji ya pwani yalivyopata joto umekuwa ukifa mikononi mwa wanawake, umewabakia spinosamu, ambao mnunuzi anaupangia bei ya chini. Mwani wa bei ya chini ndio unaofaa kuvaliwa. Nilimwomba arudie kusoma.

Tumemwaga tena jioni. Safari hii ute mwembamba, gliserini imeongezwa, na chini yake nimetandika kitani kilichofumwa wazi kama chandarua ili utando uwe na mifupa. Kioo kiko mezani, mbali na moto.

Siku ya 10

Umetoka. Niliinua pembe moja kwa kucha, nikavuta taratibu, na utando ukabanduka kwenye kioo wote kwa pamoja na kitani ndani yake. Upande uliolala kwenye kioo unang'aa kama mgongo wa sili aliyelowa. Upande wa juu ni wa vumbi, kama ngozi iliyokauka juani. Ukiukunja unanong'ona. Nilidondosha maji: baada ya muda mahali pale palivimba, pakawa ute. Hili si koti la mvua. Wavuvi wa zamani walipaka nguo mafuta ya mbegu za kitani kuzuia maji, na tutajaribu hilo, kwa tabaka jembamba. Lakini sitaki lizuie milele. Joho langu lina tabaka mbili: la ndani kitani, linabaki, la nje utando wa mwani, linavaliwa kwa muda wake kisha linarudishwa baharini. Vifungo vyote viko mbele, mvaaji avae na kuvua bila kumtegemea mtu.

Nilimpigia mama kwa video. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni, amekaa barazani. Nikasogeza utando dirishani aone mwanga ukipita.

"Hii ni plastiki?"

"Mwani, Mama. Wa huku. Lakini ule wetu wa spinosamu utakuwa laini zaidi."

"Spinosamu?" Akamwita shangazi aje aone. Walitazama wote wawili, vichwa vimejaa kwenye simu. Mama akaniambia niukunje tena, asikie sauti yake. Nikaukunja.

"Unataka kiasi gani?"

"Kilo tano za kuanzia. Kwa bei ya kotonii."

Kimya kidogo. Nyuma yake nasikia kuku, na mtu anapiga maji ya pampu.

"Bamvua linaanza Alkhamisi," akasema. "Nikuanikie mchangani au kwenye chanja?"

"Kwenye chanja, Mama. Usiguse mchanga."